Sima Kando ya Saa

Felix Kaviha hakuwa mtu wa kukurupuka. Ukimuuliza kama chai ina sukari, ataonja, atanyamaza, ataonja tena, kisha atakwambia kwamba huku juu haina, ila chini bado hajafika. Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi katika yadi moja ya makontena huko Changamwe. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta akitazama picha za makontena yaliyorudi, aseme lipi limebonyea safarini na lipi lilikwenda likiwa limebonyea. Na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyompa cheo cha uhakimu, ingawa cheo chenyewe hakikuwa na mshahara wala kiti.

Alikuwa hakimu wa nyuso za saa.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp la watu wa Mombasa wapendao saa kuukuu za mkononi, hasa zile kubwa za vitufe: uso mmoja umebeba visaa vidogo viwili au vitatu ndani yake, na ubavuni pana vitufe vya kuanzisha na kusimamisha akrabu, ule mshale wa kupimia muda, kama zile saa walizovaa marubani na madereva wa mashindano. Mapenzi ya saa hizo yamo usoni. Uso mweusi uliochomwa na jua miaka na miaka ukawa rangi ya kahawa, watu huupenda kama wanavyompenda mzee aliyezeeka vizuri. Lakini uso uliokwanguliwa na fundi ukapigwa rangi upya ni kama mzee aliyepaka piko ndevu: kwa mbali kijana, kwa karibu aibu.

Tatizo ni kwamba watu walitumiana picha, na picha ni mwongo. Saa nyeusi ukiipiga picha chini ya turubai la buluu, inatoka ya buluu. Ukiipiga karibu na pazia jekundu, inaona haya. Watu waligombana hadi wakatukaniana mashemeji. Ndipo Kaviha, baada ya kufikiri kwa kituo, alipoandika kundini:

"Ndugu zangu, kila nyumba ina sima, na sima ni nyeupe. Weka tonge la sima kando ya saa, piga picha, tuma. Mimi nitairekebisha picha kwenye simu mpaka sima irudi weupe wake. Sima ikirudi, na saa itarudi kwenye rangi yake ya haki."

Kamau, muuza vipuri wa Magongo, aliuliza kwa nini wasitumie karatasi au shati jeupe.

"Shati limetiwa buluu ya kufulia," Kaviha alimjibu. "Karatasi nazo haziko sawa. Sima haijui kudanganya."

Basi kundi likajaa sima. Nasreen wa Kisauni, aliyekuwa akiuza saa hizo na ulimi wake hauna breki, alilalamika: "Mgeni akiingia humu atadhani ni mkahawa. Mie nyumbani kwangu usiku ni wali. Nisonge sima kwa ajili ya saa?" Akajibiwa asonge. Akasonga. Kamau naye alituma sahani nzima, saa imeegemea kipande cha nyama.

"Kamau, nani kakwambia utie mchuzi?"

"Hakimu, hiyo saa pia ilikuwa na njaa, bana."

Tangu hapo jina likawa Hakimu, na hukumu zake hazikukatiwa rufaa. Hakutoa neno mpaka awe ameitazama picha jioni kadhaa, na watu walimwamini kwa sababu ya kuchelewa kwake kuliko kwa sababu ya maneno yake.

Siku moja akaingia kundini mtu mgeni aliyejiita Jogoo wa Chaani, na kwenye picha yake palikuwa na jogoo kweli, amejivuna. Alitii sheria: alituma picha ya saa ya vitufe nzuri ajabu, na kando yake tonge la sima. Picha yote ilikuwa na umanjano. Kaviha akasema moyoni, hii imepigwa chini ya balbu ya manjano. Akairekebisha taratibu hadi sima ikawa nyeupe pee. Loo! Uso wa saa ukageuka, ukawa na ubuluu kama samaki wa jana.

Aliutazama juzi, akautazama jana, akautazama leo. Kisha akaandika:

"Uso huu una ubuluu. Saa za namna hii hazikutoka kiwandani na ubuluu, zilitoka nyeusi au rangi ya fedha. Kwa maoni yangu, hapa kumepita fundi na brashi."

Jogoo wa Chaani alijibu kabla wino haujakauka: "Kijana, saa hii iko mkononi mwangu tangu hujazaliwa. Ni rangi ya fedha. Ubuluu uko machoni mwako."

"Mzee wangu, kwa heshima zote, jicho la mwenye mali huona lilichozoea. Picha imepimwa kwa sima."

"Wallahi hata mie nauona huo ubuluu," Nasreen akatia chumvi.

"Jogoo amepigwa rangi!" akaandika Kamau, na vikatuni vya kucheka vikamfuata kama nzi.

Jogoo wa Chaani akaandika mara moja tu: "Ipo siku tutaonana, Hakimu. Na siku hiyo hutakuwa na sima ya kujifichia." Kisha akatoka kundini. Kaviha alisikitika kidogo, kama anavyosikitika mtu aliyetenda haki, akaendelea na saa nyingine.

Alikuwa na mambo makubwa zaidi. Alikuwa anataka kuoa. Binti mwenyewe aliitwa Dama, mshonaji wa sare za shule hapo Magongo, msichana mwenye cheko la kukatiza mazungumzo ya meza ya tatu. Kaviha alikuwa amemfikiria kwa muda mrefu hadi Dama mwenyewe akamwambia, "Felix, mimi si kontena. Sema." Akasema. Posa ikapangwa iende Jumamosi, nyumbani kwa kina Dama huko Chaani, nyumba ambayo Kaviha hakuwahi kukanyaga mlango wake, maana kabla ya posa si adabu.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo walikuwa wamekaa wakila viazi karai kwa ukwaju, Dama akapumua kwa nguvu.

"Naomba Mungu baba awe sawa Jumamosi. Siku hizi hata hali vizuri."

"Anaumwa?"

"Anaumwa na saa. Ana saa yake ya zamani, aliipata bandarini alipokuwa akiendesha winchi. Baharia mmoja aliipenda sauti ya jogoo wake, wakabadilishana, jogoo kwa saa. Anaipenda kuliko sisi. Sasa juzi aliitia kwenye simu, kwenye kundi la watu sijui gani, na mjinga mmoja akasema imepakwa rangi. Wakamcheka. Tangu siku hiyo haivai, hata kanisani. Anasema akimpata yule mtu..."

Kiazi kilisimama kooni mwa Kaviha. Alikunywa maji, akangoja kishuke, akauliza polepole, "Huyo mtu anajiita nani?"

"Hakimu."

Kaviha aliweka kikombe chini. Aliugeuza mkono wa kikombe uelekee kulia. Kisha akasema, "Dama, ni mimi."

Dama alicheka mpaka ukwaju ukamwagika mezani. Halafu alimwona usoni, cheko likakatika kama umeme.

"Felix! Wewe?"

"Kundini tu."

"Atakuua. Hata akikusamehe, hakupi mke. Baba yangu ninavyomjua!"

"Nitamwambia ukweli na nitamwomba radhi."

"Ukweli utamwambia tukiwa na wajukuu. Jumamosi unanyamaza. Desturi yenyewe inakusaidia: anayeposa hasemi, anasemewa. Kaa kama gunia."

"Sawa," alisema Kaviha. Akafikiri. "Lakini, Dama, kwa kweli ule ubuluu upo."

"Felix!"

Msemaji wake alikuwa Baba Mdogo Kadenge wa Jomvu Kuu, ndugu wa marehemu baba yake, mtu ambaye alikuwa ameposea nusu ya ukoo na hakuna nyumba iliyowahi kumkatalia, wengine kwa kupenda na wengine ili anyamaze. Kaviha hakuthubutu kumweleza yote, kwa kuwa siri ikiingia kwa Baba Mdogo hutoka imeongezewa. Alimwambia tu: "Baba Mdogo, nakuomba kitu kimoja. Kule tuendako, usitaje saa. Hata kidogo. Mzee ana uchungu na saa."

"Uchungu wa namna gani?"

"Uchungu tu."

"Basi nimeelewa," alisema Baba Mdogo Kadenge, naye akielewa jambo huwa ni balaa.

Jumamosi ikafika. Waliwasili na mnazi wao, ile pombe ya posa. Kusema kweli zilikuwa kreti za soda, kwa kuwa Mzee Mwarandu, babake Dama, alikuwa mtu wa kanisa. Lakini desturi ni kaidi, jina haikubali kubadilishiwa, na kila mtu siku hiyo aliita soda mnazi bila kupepesa. Walisalimiana ile salamu ndefu ya kwao, ya kuuliza habari za watu, mifugo, mvua na waliolala. Mzee Mwarandu alikuwa mfupi, kifua mbele, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto palikuwa na mstari mweupe mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Kaviha aliuona mstari ule akatamani kuingia chini ya mkeka.

"Mbona mmechelewa?" Mzee alianza. "Si mlisema saa nne?"

Baba Mdogo Kadenge alimeza mate. "Tulisema, Mzee Mwarandu, wakati ule... ambao kivuli cha mtu si kirefu sana, wala si kifupi."

Mzee alimtazama. "Ndiyo saa ngapi hiyo?"

"Ni kivuli cha wastani."

"Na mlitoka nyumbani saa ngapi?"

"Tulitoka mapema mno. Jogoo wa kwanza..."

Kaviha akakohoa.

"Yaani si jogoo," Baba Mdogo alisema haraka, hajui kosa liko wapi ila ameona lipo. "Kuku. Ndege. Watu walipoamka. Ila malori, mzee wangu! Hapo Changamwe malori yamepangana kama tasbihi."

Mzee Mwarandu alimgeukia jirani yake aliyeketi naye kama shahidi, kana kwamba anauliza huyu mtu ametolewa hospitali gani. Lakini mgeni ni mgeni. Akaendelea.

"Vyema. Mmeleta mnazi, tumeuona. Kijana wenu tunamwona, ametulia. Anafanya kazi gani?"

Hapa Baba Mdogo alijiona yuko nchi kavu. "Kazi kubwa! Anakagua makontena. Wala hahitaji kuyaendea. Anakaa pale, analetewa picha, anatazama, anasema hili zima, hili bovu. Kwa picha tu!"

"Kwa picha," alisema Mzee Mwarandu.

"Kwa picha tu!"

Kaviha alifumba macho.

Mzee aliinuka kitini. "Mimi watu wa picha siwapendi, na nitawaambia sababu." Akaunyosha mkono wake wa kushoto mbele ya wageni wote. "Mnaona mkono huu uko mtupu? Mkono huu ulikuwa na saa. Nikaipiga picha kwa mikono yangu, nikafuata sheria zao za kipuuzi, nikaomba sima jikoni kama mtoto, nikaitia kando. Mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona saa yangu wala kuishika, akasema imepigwa rangi. Mimi! Nitembee na saa iliyopigwa rangi miaka yote hiyo, nikiulizwa wakati na wachungaji!"

"Mtu huyo ni mpumbavu," alisema Baba Mdogo Kadenge kwa ari, amefurahi kwamba saa imetajwa na mwenyewe na sasa ruhusa ipo.

"Asante."

"Hana wazazi mtu huyo."

Kaviha alimvuta shati. Baba Mdogo akadhani anahimizwa.

"Ukoo wake mzima ni vipofu! Mtu wa hivyo, ningekuwa mimi ndiye baba yake, ningekwenda kwa chifu nikamkane!"

Mzee Mwarandu alirudi kuketi, uso umelainika. "Wewe, ndugu yangu, ni mtu wa maana. Mwanzo nilikudhania vingine." Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha apa: "Kwangu mimi mlango uko wazi. Lakini nimeapa, mtu yule nikimpata, nitamlisha saa ile aionje kama ina rangi. Haya, tule kwanza, maneno ya posa yataka tumbo. Leo nimekataa pilau. Nimesema mkwe ale kile alichokulia binti yetu."

Mama Dama akaingia na sinia, leso mbili mpya mwilini, kucha zimepakwa rangi kwa heshima ya wageni. Nyuma yake Dama na bakuli la samaki wa nazi. Dama alimtupia Kaviha jicho moja, jicho la kusema: gunia, uko vizuri, endelea. Sinia likatua. Mama Dama akafunua kawa.

Mvuke ukapanda. Chini ya mvuke kulikuwa na sima ya manjano. Manjano ya kiini cha yai.

Msomaji wa mbali inafaa aelewe jambo moja. Mzee Mwarandu alikuwa mfuga kuku, na shambani kwake alipanda mahindi ya manjano kwa ajili ya kuku, ili mayai yatoke na kiini cha kupendeza. Mahindi yakawa mengi kuliko kuku. Mama Dama akayapeleka kinuni, na familia ikaonja, ikazoea, ikawa sima nyingine hawaitaki. Kwao sima ni sima, hakuna aliyekumbuka kwamba ina rangi. Lakini kwa watu wengine wa huku, unga wa manjano una kumbukumbu zake: ni ule wa miaka ya njaa, wa magunia ya msaada. Mtu kukaa ukweni, tena siku ya posa, akataja rangi ya sima ya namna hiyo, ni sawa na kumwambia mwenye nyumba, nyinyi mnaombaomba.

Aibu hiyo Kaviha aliijua. Lakini macho yake yalikwenda kwenye sima, akili ikaenda kwenye picha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mdomo ukatangulia.

"Ni ya manjano!"

 Dama akalikumbatia bakuli la samaki.

"Nini?" alisema Mama Dama.

"Ni ya manjano! Sima! Si balbu, ni sima yenyewe!" Kaviha alikuwa amepiga magoti karibu na sinia, analitazama kama aliyeona dhahabu.

Mama Dama alijifunga leso upya, kwa nguvu. "Nimepika kama ninavyopika. Sikuambiwa mkwe ni mkaguzi wa vyakula."

"Kijana anasifu," Baba Mdogo alijitosa. "Kwetu sisi tukiona chakula kizuri tunakitaja rangi. Juzi alikula mchicha akasema ni wa kijani!"

"Kadenge, nyamaza," alisema Mzee Mwarandu, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwita jina. "Wewe kijana. Umeidharau sima ya mke wangu ndani ya nyumba yangu?"

Kaviha aliketi sawa. Aliona njia mbili tu, na zote zilikuwa na mamba. Akinyamaza, ataondoka hapa ni mtu aliyemtusi mama mkwe, na kosa hilo halina kreti za kulilipia. Akieleza, ataonja saa. Alimtazama Dama, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa nguvu. Alimtazama Mama Dama, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kupika. Akapima. Hakuchukua muda mrefu, na hilo lilimshangaza mwenyewe.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Sima ya mama sina neno nayo. Nimefurahi kwa sababu imenionyesha ujinga wangu. Mimi ndiye Hakimu."

"Si wa ukoo wetu!" Baba Mdogo Kadenge akapayuka, kisha akayakumbuka aliyoyasema juu ya ukoo huo. "Yaani ni wetu, lakini hakulelewa na mimi."

 Mzee Mwarandu alivimba polepole, kama unga ukichemka.

Kaviha alitoa simu. "Kabla hujanifukuza, tazama hapa kidogo. Hii ndiyo picha uliyotuma. Niliona umanjano nikadhani ni balbu. Nikaurekebisha mpaka sima yako ikawa nyeupe. Kumbe sima haikuwa nyeupe tangu jikoni. Na picha ukiiondolea umanjano wake wa haki, unaoingia ni ubuluu. Ubuluu ule hakuutia fundi. Niliutia mimi."

Akaiweka simu kando ya sinia. Akaanza kusogeza kidole, taratibu, akilinganisha sima ya kwenye simu na sima ya kwenye sinia. Sima ya simu ikaanza kuiva: ikawa maziwa, ikawa siagi, ikawa kiini cha yai. Na kando yake, kidogo kidogo, ule ubuluu ukafifia kutoka usoni mwa saa, ukatoka kama ugonjwa, hadi uso ukabaki safi, rangi ya fedha.

Mzee Mwarandu alikuwa ameinama juu ya simu, paji lake likigusana na paji la Kaviha.

"Rudia," alisema.

Kaviha akarudia. Buluu, fedha.

"Tena."

Fedha, buluu, fedha. Jirani shahidi akaomba naye aone. Baba Mdogo akaona, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo aliiona ni fedha, ingawa ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

"Sasa andika," Mzee aliamuru. "Pale pale uliponivulia nguo, nivishe."

Kaviha akaandika kundini, mzee akimsomea begani: "Ndugu zangu, ile saa ya Jogoo wa Chaani nilikosea. Rangi ni ya asili, ya fedha, haijaguswa. Nilipima kwa sima nikasahau kuipima sima."

Jibu la kwanza lilikuwa la Nasreen: "Wallahi nilijua mie. Nilisema tu kukufurahisha." La pili lilikuwa la Kamau: "Kwa hivyo zile zangu zote zilizofeli nizitume upya? Na nyama?"

Mzee Mwarandu alicheka kicheko kimoja kifupi, akakificha. Aliingia chumbani, akarudi na kitu kimezungushiwa leso ya mkononi. Aliifungua mbele ya Kaviha kama anavyofunuliwa mtoto mchanga.

"Hiyo. Itazame kwa macho, si kwa sima. Umeishika?"

"Nimeishika, mzee."

"Sema. Na useme kweli, maana ukinidanganya ili upewe mke nitajua."

Kaviha aliipeleka mlangoni penye mwanga. Saa ilikuwa nzuri kuliko picha. Uso ulikuwa na ule weupe wa fedha uliokolea kwa umri, na mikwaruzo myembamba kama nywele ambayo hakuna fundi awezaye kuighushi. Aliinamisha saa, akaigeuza. Visaa vidogo vizima. Namba nzima. Halafu akafika kwenye ile akrabu ndefu nyembamba ya katikati, inayoamshwa na kitufe. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kung'aa, nene kidogo nchani, na ndani ya wekundu huo ulikuwa umenaswa unywele mmoja wa brashi.

"Na wekundu huo!" Mzee alisema nyuma yake kwa fahari. "Hujasema kitu juu ya wekundu huo. Mabaharia wenyewe waliusifu. Miaka yote haujapauka. Wazungu wale walijua kutengeneza rangi!"

Kaviha aliinua macho. Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama Mama Dama. Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa ameshikwa na hofu, na kucha zake, nyekundu za kung'aa, wekundu ule ule hasa, zilikuwa zikipotea moja moja ndani ya leso.

Kaviha aliitazama akrabu. Akatazama leso iliyozificha kucha. Mtu anayekagua makontena hujifunza kwamba yapo mabonyeo ya ajali, na yapo mabonyeo ambayo mtu aliyagonga kwa nyundo taratibu akijaribu kuyanyoosha, kwa wema, mumewe akiwa kazini.

"Basi?" Mzee akahimiza. Chumba kizima kilikuwa kimeegemea mbele.  Kwa uso wa baba yake Dama aliona kwamba jibu la posa limekaa juu ya ulimi wa Felix, na Felix si mtu wa kusema uongo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Uso, mzee, ni wa asili. Hapo naapa," alisema Kaviha. Akapima, kama kawaida yake. "Na wekundu huu, nimetazama saa nyingi sana, na sijawahi kuuona kwenye saa nyingine yoyote. Saa ya namna hii ni hii moja tu."

Mzee Mwarandu alifumba macho kwa raha. "Mmesikia?" alimwambia jirani. "Moja tu!" Akaichukua saa, akaivaa, ikakaa juu ya ule mstari mweupe, ikauficha wote.

Kutoka jikoni kilisikika kikohozi, kikohozi cha mtu mzima anayezuia kicheko kwa leso. Kisha Mama Dama akajitokeza, mkavu kama jaji.

"Baba Dama, samaki anapoa. Wageni wamekuja na neno, wapewe neno. Au mpaka wachumbiane na hiyo saa?"

Mzee akajiweka sawa kitini, akaita kwa sauti ya desturi: "Dama!"

"Abee, baba!" Alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, bado na bakuli.

"Mnazi huu uliomo humu ndani, waliouleta watu hawa. Tuunywe, au tuwarudishie?"

Msichana hutakiwa ainamishe kichwa, angoje, aulizwe tena na tena, ndipo ajibu kwa sauti ya chini.

"Kunyweni," alisema Dama. "Kunyweni wote, na ule mwingine ulio nje kwenye tuktuk pia muuteremshe."

Vigelegele vikapigwa. Baba Mdogo Kadenge, machozi yakimlengalenga, akasimama kutoa shukrani za ukoo, ukoo wenye macho makali, alisema, unaojulikana kwa macho yake tangu zamani, na mtu akamtilia soda mkononi ili apate kazi nyingine.

Mama Dama akapita akigawa samaki. Alipofika kwa Kaviha alimwekea kipande kikubwa, akakitazama, akaongeza kingine juu yake. Akainama kumnawisha mikono, akamwambia kwa sauti ya wawili tu:

"Nyamaza hivyo hivyo, mwanangu."